Ee ya Kwanza ni ya Salamu

Kama gazeti la wiki jana lilifungia senene kabla hujalisoma, sikulaumu. Hata nyumbani kwangu lilifanya kazi hiyo hiyo. Ngoja nikukumbushe kwa kifupi, kisha tuingie ukumbini.

Mimi ni Felicitas, mtoto wa Kanazi niliyeolewa Muleba. Naandika programu za kompyuta pamoja na mwenzangu Protase, na ofisi yetu iko juu ya duka la Ashish, Bukoba mjini. Programu yetu tuliipa jina la Mwani, yaani kahawa. Inakaa kwenye mizani ya vyama vya msingi na inaongea. Mkulima akiweka gunia lake la kahawa ya maganda, sauti inamsalimia, inamtajia uzito, inamuuliza kama amekubali. Akisema "ee," yamekwisha. Hana haja ya kusoma wala kubonyeza kitu.

Sauti hiyo ni ya mama yangu, Ma Kokwijuka. Alikuwa karani wa mizani Kanazi na mwalimu wa kwaya, na kote huku hakuna asiyemjua. Tulimrekodi akiwa mzima. Sasa amelala kaburini kwenye kibanja chetu, chini ya migomba, mwaka wa pili huu.

Kisha ikaja kampuni ya Shina. Ilianza na maduka, ikahamia maduka ya dawa, ikaingia shuleni, ikaingia kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Waliokuwa wanaandika programu mkoani kwetu wamekwisha. Wengine walinunuliwa, wengine waliajiriwa, na mmoja anauza kava za simu Kibeta. Vyama vya kahawa ndivyo vilivyobaki kwetu, navyo vikaanza kudondoka kimoja kimoja.

Wiki jana niliishia pale nilipoingia ghala la Kanazi nikaikuta mizani ya Shina ikisalimia kwa Kihaya, "Mpora waitu."

Kwa sauti ya mama yangu.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Nilianza na Ashish, maana anaishi chini yetu na ana funguo zote.

"Dada Felicitas," alisema, "mimi Shina wamenishika koo. Nilijaribu kuweka programu nyingine pale kaunta, mashine ikagoma kutoa risiti mpaka nilipoiondoa. Mimi niliyefungwa nitamuuza nani?"

Nikamwamini nusu. Ile nusu nyingine niliiweka akiba.

Aliyenisumbua ni Protase. Rekodi za mama za Mwani zilikuwa kwangu na kwake tu. Na tangu wiki mbili tatu zilizopita alikuwa akitoka nje ya mlango kupokea simu. Mtu anayepokea simu nje ya mlango, wewe ungemwekaje?

Nataka unielewe kwa nini jambo hili liliniuma kiasi kile. Mwaka jana simu yangu iliangukia kwenye beseni la vyombo. Fundi aliifufua, lakini haikurudi nzima. Mpaka leo siwezi kumsikia mtu bila kuweka spika. Na ujumbe wote wa sauti ambao mama alikuwa akinitumia ulipotea humo humo majini. Nilimwomba mume wangu Avit aangalie kwake, maana mama alikuwa akiazima simu yake. Akasema alishaufuta, simu yake ilijaa. Nililia siku nzima. Kwa hiyo ile salamu ya kwenye mizani ndiyo sauti pekee ya mama niliyobaki nayo, na sasa ilikuwa inafanya kazi kwa Shina.

Basi. Asubuhi ya mkutano mkuu wa chama chetu cha Muleba, Avit alikuwa sebuleni anasahihisha mitihani. Ni mwalimu, na mpole. Mwenyekiti wa chama ni baba yake, Ta Kahangwa.

"Huji?" nikamuuliza.

"Na hii mitihani atasahihisha nani? Wewe nenda. Ila usibishane na mzee mbele za watu."

"Nisibishane? Avit, hiki ndicho chama cha mwisho. Kikienda hiki, mkoa mzima hakuna mizani inayosema chochote ila ikiruhusiwa na Shina. Mwani imekufa."

"Shina watakuja tu, mama. Ukiona watu wamekubali, na wewe kubali." Akaweka alama ya vema kwenye karatasi. "Protase atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Mtazame vizuri."

Hayo ndiyo maneno niliyotoka nayo nyumbani. Mtazame vizuri. Niliyabeba njia nzima.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa kinazunguka, na yule kijana wa Shina, anaitwa Derick, alipofikiwa alichukua punje zake kwa mikono miwili, akatafuna bila kukunja uso. Nikajiambia, huyu amefundishwa. Nikatazama Protase amekaa wapi. Alikuwa mstari wa nyuma, simu mkononi.

Derick alisimama akaeleza mambo ya Shina. Alieleza vizuri, sina haja ya kumsingizia. Mizani, mbolea, dawa, karo za watoto, vyote mahali pamoja.

Ta Kahangwa akamsikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya mkongojo.

"Mwanangu, nikiingia humo, naweza kutoka?"

"Kwa nini utoke, mzee wangu?"

"Sikuuliza kwa nini. Nimeuliza kama mlango upo."

Watu wakacheka. Derick naye akacheka.

"Chama kikishajiunga, mzee, kinatumia mifumo ya Shina pekee. Hii iliyopo na ile itakayokuja."

"Itakayokuja? Ambayo haijatengenezwa?"

"Ndiyo. Hamtahangaika kutafuta. Itawafikia yenyewe."

Ta Kahangwa akageukia watu. "Mmesikia? Sisi hapa mtu akikuuzia kahawa ikiwa bado maua mtini, tunaita nini?"

"Butura!" ukumbi ukajibu.

"Butura. Na mwenye butura mwisho wake tunaujua. Anavuna kahawa ya mtu mwingine kwenye kibanja chake mwenyewe. Sasa kijana, wewe unataka kununua maua yetu, au mimi ndiye sikukuelewa?"

Nilitaka kupiga vigelegele. Baba mkwe wangu huyo! Nikasema moyoni, leo Shina wamekutana na mzizi.

Derick hakubabaika. Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba ana kitu.

"Wazee wangu," akasema, "mimi Kihaya changu ni cha kuokoteza. Acha mtu wenu azungumze nanyi."

Akagusa kompyuta yake. Spika ikakohoa kidogo.

"Mpora waitu."

Ilikuwa sauti ya mama, na ile pumzi yake ndogo kabla ya neno. Ukumbi ulishtuka wote kwa pamoja. Kikongwe Vestina, aliyeimba naye kwaya, akafanya ishara ya msalaba akauliza kwa nguvu, "Kokwijuka amerudi?"

Na watu wote, waume kwa wake, wakaitikia kama walivyolelewa.

"Ee!"

Taa ya kijani ikawaka. Kwenye ukuta, maandishi makubwa yakatokea: MKUTANO UMEKUBALI.

"Asanteni sana," alisema Derick, akaanza kupiga makofi.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya ule ukuta na maandishi yamenimulika usoni.

"Hawajakubali! Walikuwa wanaitikia salamu!"

"Dada, mfumo umesikia ee."

"Ee ya kwanza ni ya salamu, bwana! Mwani huiacha ile ya kwanza ipite. Ya pili ndiyo ya makubaliano. Nyinyi mmeiba sauti, na hata kuitumia hamjui!"

"Mfumo hautofautishi ee na ee."

"Mtoto wa miaka miwili hapa Muleba anatofautisha!"

Ta Kahangwa akagonga meza kwa mkongojo. Akasema mwanadamu hawezi kupigiwa kura na spika, twende tukale, tukirudi tutanyoosha mikono kama watu. Lakini niliwatazama watu wanavyotoka. Wengi walikuwa wanafuta macho. Vestina alikuwa anamwambia mwenzake kwamba kama Kokwijuka yuko huko Shina, basi huko si kubaya. Nikajua mikono itakavyonyooka.

Sasa naomba unisikilize, maana hapa ndipo ninapojionea aibu.

Nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya ndizi na maharage, nilimkuta Protase amesimama na Derick. Wanazungumza. Derick akamwita kwa jina, "Sawa, Protase," akaondoka zake.

Jina lake amelijuaje?

"Unamfahamu huyo?" nikauliza.

"Amekuwa akinipigia. Wananitaka kazi."

"Tangu lini?"

"Wiki kadhaa. Nimewakatalia, Felicitas. Sikukwambia kwa sababu siku hizi mtu akikwambia jua limechomoza unauliza nani kalituma."

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo yale maneno ya Avit yalikuwa yananipiga masikioni. Mtazame vizuri.

"Umemuuza mama yangu," nikasema.

"Nini?"

"Umemuuza mama yangu, Protase!"

Nilipiga kelele. Vijiko vilisimama. Watu wazima wenye sahani mikononi walitugeukia, na mimi nikaendelea. Nilimwita mwizi. Nilimwita fisi aliyekula msibani. Nilisema mengine ambayo mhariri hatayachapa.

 Protase akasema polepole, "Jeneza lake nililibeba bega hili, Felicitas. Mumeo alikuwa upande wa pili." Akatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akauweka juu ya meza, kando ya bakuli la chumvi. "Ile salamu iko kwenye kila mizani tuliyofunga. Yeyote angeweza kuichukua. Lakini huyu wao anasema maneno ambayo hatukuyarekodi sisi. Umesikia Kanazi? Anataja mbolea. Mama hakuturekodia neno mbolea. Nenda kamuulize Derick amepata wapi mama anayesema kila kitu. Usiniulize mimi."

Akapanda bodaboda akaondoka bila kula. Hakuna aliyemuaga, kwa sababu ya maneno yangu.

Nilitaka kubaki na hasira yangu, ilikuwa inanipa nguvu. Lakini lile swali lilikwisha kuingia. Ni kweli. Mama tulimrekodi salamu, tarakimu na maneno machache ya mizani. Huyu wa Shina anaongea kama mtu.

Nikamfuata Derick ukumbini. Alikuwa peke yake anakunja nyaya.

"Maneno ya mbolea ameyasema lini mama yangu?"

"Mama yako?" Akanitazama upya. "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mtoto wake. Wa pekee."

Akaweka waya chini. "Dada, mimi niliambiwa mtoto wa marehemu amekubali. Familia yenyewe ndiyo iliyotupa."

"Familia gani? Familia ni mimi!"

"Usinipigie kelele, tafadhali. Yale ya kwenye mizani yalikuwa machache, hayakutosha. Ili sauti iweze kusema neno lolote, tulihitaji mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa nyumbani ametulia. Tukaletewa. Majina sina, mimi ni wa kufunga mitambo tu. Lakini mazungumzo yenyewe ninayo. Sikiliza, utaona hatukuiba."

Akapunguza spika, akabonyeza.

Jogoo akawika mbali. Sahani ikagonga. Kisha mama akasema:

"Mpora Kokugonza, mwana wange. Umekula? Mimi sijambo, leo nimekunywa uji wote. Usikatishe masomo kwa ajili yangu, nitakungoja..."

Nikakaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa sakafuni.

Kokugonza ni jina langu la nyumbani. Mama peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Halikuwahi kuingia kwenye rekodi za Mwani, na Protase hajawahi kulisikia. Huu ulikuwa ujumbe alionitumia nikiwa Dodoma masomoni, yeye akiwa kitandani. Niliusikiliza mara nyingi mno kabla simu haijaangukia kwenye beseni, mpaka nikaujua kwa moyo kama sala. Nilijua maneno yanayofuata. Nilijua na mwisho wake, ule uliokuwa ukinichekesha hata siku nilizokuwa nalia.

Nikamwambia Derick, "Zima." Alichelewa.

"...Haya, basi," mama akamalizia, akicheka kidogo, "Avit, mkwe wangu, hii inazimwa wapi?"

Rekodi ikaishia hapo.

Nimeufuta, simu ilijaa. Ndivyo Avit alivyoniambia, akinifuta machozi kwa shati lake.

"Dada, Avit ndiye nani?" Derick akauliza. Nafikiri aliuliza kwa nia njema.

Watu walikuwa wameanza kurudi na kujaza viti. Sikuwa na mahali pa kwenda kufikiri. Ta Kahangwa akaketi, akagonga mkongojo, akaniona bado niko sakafuni.

"Felicitas, mkamwana wangu, inuka. Kabla hatujanyoosha mikono, sema ulilokuwa unasema. Taratibu sasa."

Nikainuka. Nilijua la kusema. Neno moja tu lilitosha kuwamaliza Shina siku hiyo. Watu wa kwetu watakusamehe mengi, lakini kumsemesha marehemu bila ruhusa ya mwanawe, hapana.

"Sauti ya mama yangu," nikasema, "imetolewa bila idhini yangu. Mama hayuko Shina. Hajawaambia lolote kuhusu Shina. Wamemchukua."

Ukumbi ukanguruma. Vestina alisimama akavuta kanga yake kichwani akasema, "Toba!" Nikaona mikono iliyokuwa tayari kunyooka ikirudi mapajani. Mwani ilikuwa imepona. Ungefurahi ungekuwa mimi, na ningefurahi ningekuwa wewe.

"Imetolewa na nani?" akauliza Ta Kahangwa.

Wengine wakaniwahi kujibu. 

"Protase!"

"Felicitas mwenyewe amesema pale nje, sote tumesikia!"

"Protase! Yule si ameshakimbia?"

"Atafutwe!" mmoja akasema karibu na mlango, na vijana wawili wakaanza kuulizana bodaboda ilielekea wapi.

Nifanye nini, msomaji? Nikinyamaza, Protase ameisha, asiye na kosa, na ni mimi niliyemvika kosa hilo mbele ya masufuria. Nikisema, namtaja mume wangu mbele ya baba yake mzazi, kwenye kiti chake cha uenyekiti, watu wote wakisikia.

"Si..." nikaanza.

Simu yangu ikaita.

Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata tena. Ikaita.

"Ni nani huyo?" Ta Kahangwa akauliza.

Sijui kudanganya wakwe. "Ni Avit, tata."

"Pokea. Mwanangu hana tabia ya kusumbua mikutano. Huenda kuna mgonjwa nyumbani."

Nimekwambia simu yangu haisikiki bila spika. Nilipoipokea, ukumbi mzima uliipokea.

"Mpora, mke wangu," akasema Avit, kwa ile sauti yake ya upole. "Mmemaliza? Wamekubali?"

Watu wakanigeukia. Mbele yangu kompyuta ya Derick ilikuwa bado iko wazi, ile taa yake ndogo inawaka, nayo inasikiliza, inangoja ee.

Ta Kahangwa alitabasamu. Aliona nimepigwa na haya kwa kusalimiwa na mume wangu mbele za watu. Akaniinamia kidogo, kama baba.

"Mwitikie mumeo, mwanangu. Salamu haiachwi hewani."

"Felicitas?" Avit akaita. "Mpora?"

Tangu nimezaliwa sijawahi kuacha salamu bila kuitikia, hata ya mtu aliyenikosea, hata ya mlevi njiani. Mama hakunilea hivyo.

Sikuitikia.

Nikaona tabasamu la mzee linaanza kupotea. Akaitazama simu mkononi mwangu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini sana, "Felicitas. Mwanangu amefanya nini?"